Somo kwa Vyama vya Msingi: Mpira wa Petroli wa Pikipiki ya Chama

Vyama vingi vya msingi vina pikipiki moja tu, na pikipiki hiyo aghalabu ni ya siku nyingi. Yaweza kuwa Honda CG 125, ya namna iliyoanza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1970. Yaweza kuwa Yamaha AG 100, ambayo iliundwa kwa ajili ya kazi za shambani. Au yaweza kuwa mojawapo ya pikipiki za Kichina ambazo injini yake imeigwa kutoka ile ya Honda CG. Chombo hicho ndicho kimpelekacho katibu benki, ndicho kimfikishacho bwana shamba kwa wanachama walio mbali, na ndicho kichukuacho habari za bei na za magunia wakati wa msimu. Kikisimama, kazi nyingi za chama husimama pamoja nacho.

Katika chombo hicho kuna kitu kimoja ambacho urefu wake kwa kawaida hauzidi shubiri moja au mbili, na bei yake ni ndogo kuliko ya karibu kila kipuri kingine. Nacho ni mpira unaoleta petroli kutoka tangini hadi kwenye kabureta. Mpira huo ukichakaa huleta hasara za namna tatu. Kwanza, petroli ya wanachama hupotea bila kuandikwa popote. Pili, pikipiki huweza kuungua, pamoja na ghala ilimolazwa na watu waliomo. Tatu, na jambo hili halisemwi mara nyingi, mwendeshaji mwaminifu huweza kushukiwa wizi. Somo hili laeleza jinsi ya kuukagua mpira huo, kuubadilisha, kuupitisha mahali panapostahili, na kuuandika katika daftari la chama.

1. NJIA YA PETROLI

Katika pikipiki nyingi za zamani hakuna pampu ya petroli. Tangi liko juu, kabureta iko chini, na petroli hushuka kwa uzito wake yenyewe. Chini ya tangi kuna koki yenye mahali patatu: kufungua, kufunga, na akiba. Kutoka kwenye mdomo wa koki, mpira hushuka hadi kwenye mdomo wa kabureta. Ndani ya kabureta kuna boya dogo ambalo hupanda petroli inapojaa na kufunga mlango, kisha hushuka petroli inapopungua na kuufungua.

Mambo mawili hufuata kutokana na mpango huo. La kwanza ni kwamba nguvu inayosukuma petroli ni ndogo sana, kwa kuwa tofauti ya kimo baina ya tangi na kabureta ni sentimita chache tu. Kwa hiyo kipingamizi kidogo mpirani, kama vile mkunjo au uchafu, chatosha kuinyima injini chakula chake. La pili ni kwamba petroli haingoji injini iwake ndipo ishuke. Maadamu koki i wazi, mpira umejaa petroli mchana na usiku. Nao ukiwa na ufa, utavuja mchana na usiku.

Kadhalika, petroli haiwezi kushuka ikiwa hewa haiingii tangini kuchukua nafasi yake. Ndiyo sababu kifuniko cha tangi kina tundu dogo la hewa. Tundu hilo likizibwa na vumbi, pikipiki huenda kilomita chache kisha huzimika, na mafundi wengine hubadilisha mpira bure. Dawa ya kulitambua kosa hili ni rahisi: injini inapozimika, kifuniko kifunguliwe. Ikisikika hewa ikivutwa ndani na pikipiki ikawaka tena baada ya muda mfupi, kosa ni la kifuniko, mpira hauna hatia.

2. KWA NINI MPIRA HUHARIBIKA

Si kila mpira waweza kuishi pamoja na petroli. Mpira asilia, utokanao na utomvu wa miti, huvimba na kulainika ukilowa petroli, mwisho hukatika. Kwa sababu hiyo mipira ya petroli hutengenezwa kwa raba ya viwandani, hasa ile iitwayo nitraili, ambayo huistahimili. Hata hivyo raba hiyo nayo huzeeka. Joto la injini huikausha, jua huipasua, mtetemeko huisugua, na ncha zake zilizovutwa juu ya midomo ya chuma hulegea mwaka hata mwaka. Suzuki, kwa mfano, imeelekeza katika vitabu vya pikipiki zake nyingi kwamba mpira wa petroli ubadilishwe kila baada ya miaka 4, hata kama haujaonyesha ubovu.

Jambo jingine lipasalo kujulikana ni kwamba petroli ya siku hizi katika nchi kadhaa huchanganywa na ethanoli. Malawi ilianza kufanya hivyo mwaka 1982, kwa ethanoli itokanayo na miwa. Ethanoli huharakisha kuchakaa kwa baadhi ya mipira ya zamani ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Chama chenye pikipiki ya zamani katika nchi ya namna hiyo na kiukague mpira mara nyingi zaidi.

Lakini adui mkubwa zaidi ni ubadilishaji wa haraka. Mpira ukikatika safarini, mwendeshaji huchukua kilicho karibu: mpira wa dripu kutoka zahanati, mpira wa kumwagilia bustani, au kipande cha plastiki ing'aayo kilichouzwa dukani bila jina. Plastiki nyingi za namna hiyo hupewa ulaini kwa dawa iliyochanganywa ndani yake, na petroli huinyonya dawa ile ikatoka. Baada ya majuma machache plastiki huwa ngumu kama mfupa, hunywea, hupasuka, au huchomoka yenyewe kwenye mdomo wa kabureta. Na pale inapofungwa kwa kamba ya mpira wa ndani wa baiskeli, kamba ile nayo hulainishwa na petroli na kulegea. Kifaa cha dharura kilichomfikisha mtu nyumbani kilifanya kazi njema. Kosa ni kukiacha mahali pale miezi 6.

3. HESABU YA KIJIKO KIMOJA

Na uchukuliwe mfano huu. Chama kina pikipiki iendayo wastani wa kilomita 35 kwa lita 1. Mpira wake unavuja mahali unapoingia kwenye kabureta. Katibu anakinga chombo chini ya mpira kwa dakika 10, koki ikiwa wazi, anapata petroli ya kujaza kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5. Hesabu itakuwa hivi:

Dakika 10: mililita 5.
Saa 1: mililita 30.
Saa 24: mililita 720.
Siku 30: lita 21.6.

Hiyo ndiyo hasara ikiwa koki huachwa wazi usiku na mchana. Ikiwa koki hufungwa kila pikipiki inaposimama, na ikawa wazi saa 6 tu kwa siku, hasara itakuwa mililita 180 kwa siku, yaani lita 5.4 kwa siku 30. Kufunga koki peke yake kumeokoa lita 16.2. Lakini hata hizo lita 5.4 zilizobaki si kidogo, kwani zingaliipeleka pikipiki hiyo kilomita 189.

Sasa na itazamwe hesabu hiyo kama kamati iionavyo. Daftari la safari linaonyesha kwamba petroli ilinunuliwa, stakabadhi zipo, lakini kilomita hazikutembea. Petroli ivujayo taratibu hukauka hewani bila kuacha dimbwi; inachoacha ni doa la rangi ya kahawia na vumbi lililoganda. Hivyo hakuna aliyeiona ikipotea. Mbele ya wajumbe, hesabu hiyo yafanana kabisa na hesabu ya mafuta yaliyouzwa kichochoroni. Mwendeshaji huulizwa, naye hana jibu, kwa kuwa hajui. Neno la wizi likishatamkwa mkutanoni ni vigumu kulirudisha, hata ufa ukionekana baadaye.

Kwa sababu hiyo haki yadai utaratibu. Kilomita kwa lita zinaposhuka ghafula, jambo la kwanza liwe ni kuukagua mpira, koki na kabureta mbele ya mashahidi wawili, na matokeo yaandikwe katika muhtasari. Ikiwa kuna uvujaji, na upimwe kwa kijiko kama ilivyoelezwa, kisha ulinganishwe na upungufu ulio daftarini. Ikiwa kila kitu ni kizima, kamati itakuwa na msingi mwema wa kuendelea kuuliza. Utaratibu huu humlinda mwendeshaji mwaminifu, na humnyima asiye mwaminifu kisingizio cha mpira.

4. UKAGUZI WA KILA MWEZI

Ukaguzi hauhitaji fundi, nao humalizika kwa dakika 5. Ufanywe mchana, nje, injini ikiwa baridi.

(a) Mpira utazamwe kwa urefu wake wote. Nyufa ndogondogo, hasa kwenye ncha na mahali unapopinda, ni dalili ya uzee.

(b) Mpira ubinywe kwa vidole. Mpira mwema hunywea kidogo na kurudi. Ulio mgumu umekauka. Ulio laini kama unga uliokandwa umeliwa na petroli. Wote wawili utolewe.

(c) Karatasi nyeupe kavu ipitishwe kuzunguka ncha zote mbili na chini ya koki. Ikitoka na unyevu au doa, petroli inavuja.

(d) Itazamwe kama mpira umesuguliwa na fremu, waya, au injini.

(e) Mafuta ya injini yanuswe. Katika injini yenye mafuta yake chini, harufu kali ya petroli katika mafuta hayo maana yake petroli inaingia mahali isipostahili, nayo huyafanya mafuta kuwa mepesi yasiweze kulainisha. Pikipiki hiyo isiwashwe mpaka fundi ameitazama.

5. KUNUNUA MPIRA

Dukani, mpira uulizwe kwa mambo matatu: kazi yake, kipenyo chake cha ndani, na urefu wake. Kazi iwe ni ya petroli, na mpira wenyewe uonyeshe hivyo kwa maandishi yaliyochapwa juu yake. Alama SAE J30 R7, kwa mfano, huonyesha mpira uliotengenezwa kwa kipimo cha mipira ya petroli. Mpira usio na maandishi yoyote ununuliwe tu kwa muuzaji ambaye chama kinamwamini.

Pikipiki ndogo nyingi hutumia mpira wenye kipenyo cha ndani cha baina ya milimita 5 na 6. Njia nyepesi ya kupima ni kuingiza shina la biti ya keekee ambayo kipimo chake kinajulikana katika ncha ya mpira wa zamani isiyotanuka. Mpira mpana kupita kiasi hauponi kwa kukazwa klipu. Utavuja tu mahali pengine. Ulio mwembamba kupita kiasi hupasuka ncha unapolazimishwa.

Klipu nazo zichaguliwe kwa makini. Zile za waya wa springi, zinazobana pande zote sawasawa, ndizo zifaazo kwa mpira mdogo. Klipu pana za kukaza kwa bisibisi, ambazo ni za mipira ya maji ya magari, huukata mpira mwembamba zinapokazwa sana.

Inafaa chama kinunue mpira wa mita 1 na klipu za kutosha, kitumie kinachohitajika, na kilichobaki kihifadhiwe gizani, mbali na jua na mafuta, pamoja na tarehe ya kununuliwa.

6. TAHADHARI KABLA YA KAZI

Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake, nao hutoka hata katika baridi kali kuliko ya barafu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hushuka, hutambaa sakafuni, huingia mashimoni, na huweza kufikia jiko lililo chumba cha pili kisha kurudi na moto. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha yao baada ya lori la mafuta kupinduka na petroli iliyomwagika kushika moto. Petroli ya pikipiki ni kidogo, lakini tabia yake ni ile ile.

Kwa hiyo kazi hii ifanywe nje, penye hewa, wala si ghalani wala barazani kwa mama lishe. Injini iwe imepoa kabisa. Sigara, jiko, taa ya mafuta na simu viwekwe mbali. Waya wa hasi wa betri ufunguliwe. Ndoo ya mchanga mkavu, au mtungi wa kuzimia moto wa unga, viwe karibu. Maji yasimwagwe juu ya petroli iwakayo, kwa kuwa petroli huelea na kusambaa pamoja na moto. Moto ukishika tangi, watu waondoke. Pikipiki hununuliwa tena, mtu hanunuliwi.

Petroli ya tangini ikingwe katika dumu la mafuta lenye kifuniko, lisilotumika kwa maji ya kunywa. Na hapa lipo jambo la kukazwa: petroli isifyonzwe kwa kinywa. Desturi hii ni ya hatari, kwani matone machache yakiingia mapafuni huweza kuyaunguza na kuua. Aliyemeza petroli asitapishwe. Apelekwe hospitali upesi. Hata haja ya kufyonza haipo, maana koki ikifunguliwa na mpira ukielekezwa dumuni, petroli itashuka yenyewe.

7. KUUTOA MPIRA WA ZAMANI

Kwanza koki ifungwe, kisha ncha ya mpira iliyo upande wa kabureta itolewe na kuelekezwa dumuni. Petroli iliyomo mpirani itatoka na kukoma. Ikiendelea kudondoka, koki haifungi, nayo yapasa kutengenezwa. Mpira mpya juu ya koki mbovu ni nusu ya kazi.

Mpira wa siku nyingi huwa umeshikamana na chuma. Usivutwe kwa koleo, kwa kuwa mdomo wa kabureta waweza kupinda au kung'oka, na hapo jambo la senti litakuwa jambo la mamia. Mpira upasuliwe kwa wembe kwa urefu, polepole, bila kukwaruza chuma, kisha ubanduliwe kama ganda la muhogo. Midomo yote miwili ifutwe mpaka ing'ae.

Mpira wa zamani usitupwe mara moja. Ni kipimo cha urefu, iwapo ndio uliotoka kiwandani. Lakini ikiwa pikipiki imepita mikononi mwa mafundi wengi, mpira uliotolewa waweza kuwa ulikatwa vibaya tangu hapo. Na usiaminiwe, bali njia yenyewe ipimwe upya.

8. KANUNI ZA KUUPITISHA MPIRA

Mafundi wengi hujua kubadilisha mpira. Wachache hujua kuupitisha. Mpira mpya uliopita njia mbaya utaharibika mapema, au utaisimamisha pikipiki ukiwa ungali mzima. Kanuni ni hizi sita.

Kwanza, mpira ushuke tu. Kutoka koki hadi kabureta usipande mahali popote. Mpira uliokatwa mrefu mno hujikunja kama shingo ya bata. Katika mwinuko ule hewa hunaswa, na nguvu ndogo ya petroli haiwezi kuisukuma. Dalili yake ni pikipiki inayowaka vizuri asubuhi na kukosa nguvu mlimani.

Pili, usipinde kwa ghafula. Upinde uwe mpana, mpira ubaki mviringo. Mahali ambapo mpira umekuwa bapa, petroli imezuiwa. Mpira mfupi mno nao ni kosa, kwani huvuta midomo na kuchomoka pikipiki inapotetemeka.

Tatu, ukae mbali na joto. Ekzosi karibu na injini yaweza kupita nyuzi 300 za Sentigredi, joto liwezalo kuiwasha petroli hata bila cheche. Tena baadhi ya sehemu za petroli huanza kuchemka kabla ya nyuzi 40. Mpira ukilala juu ya silinda, petroli hugeuka mapovu ndani yake na injini huzimika. Nafasi ya vidole viwili baina ya mpira na chuma cha moto ni kipimo chema.

Nne, usibanwe wala usisuguliwe. Tangi likirudishwa, itazamwe kwamba halikuukalia mpira juu ya fremu. Waya wa akselereta na waya wa plagi visiuguse. Usukani ugeuzwe mpaka mwisho kushoto na kulia, na kusionekane kitu kinachouvuta.

Tano, uweze kufikiwa. Mwendeshaji aweze kuiona ncha zote mbili na kuifikia koki kwa mkono mmoja bila kuvua kitu. Siku ya hatari hakutakuwa na muda wa kutafuta spana.

Sita, chujio lisiongezwe bila sababu. Koki nyingi zina chujio la wavu ndani yake, na hilo lisafishwe. Chujio la ziada katikati ya mpira hupunguza mwendo wa petroli ambayo nguvu yake tangu mwanzo ni ndogo. Likiwa ni lazima, kwa kuwa tangi lina kutu, liwe dogo la pikipiki, mshale wake uelekee kabureta, na lisilazimishe mpira kupinda.

9. KUUFUNGA NA KUUJARIBU

Mpira ukatwe kwa wembe, ncha zikiwa wima, wala si mshazari. Ukatwe mrefu kidogo kwanza, upimwe, kisha upunguzwe, kilichokatwa hakiungwi. Upulizwe ili vumbi litoke. Klipu zivishwe kabla ya mpira kuingizwa. Ncha ngumu ilainishwe kwa maji ya moto yaliyo kikombeni, ifutwe ikauke, kisha isukumwe kwa kuzungushwa mpaka ipite ule mwinuko mdogo ulio kwenye mdomo. Klipu ikae nyuma ya mwinuko, si juu yake, wala si ukingoni kabisa mwa mpira.

Koki ifunguliwe bila kuwasha injini, na kwa dakika 10 mpira utazamwe na kufutwa kwa karatasi nyeupe. Ukiwa mkavu, waya wa betri urudishwe, injini iwashwe, usukani ugeuzwe, tangi litikiswe, na karatasi ipitishwe tena. Baada ya kilomita 50 hivi ukaguzi urudiwe, kwani mpira mpya hujikalisha. Matambara yaliyolowa petroli yaanikwe nje, mbali na moto, mpaka yakauke.

10. MIPIRA ISIYOPASA KUCHANGANYWA

Karibu na mpira wa petroli ipo mipira mingine. Ule utokao chini ya kabureta kuelekea ardhini ni wa kumwaga petroli ya ziada. Uachwe wazi, na mwisho wake uwe mbali na ekzosi na mnyororo. Ukidondosha petroli daima, boya au mlango wake ni mbovu. Kuuziba mpira huo kwa kijiti ni kuificha hatari tu. Mpira mwembamba wa hewa wa kabureta nao usizibwe wala kukunjwa.

Baadhi ya pikipiki zina koki inayofunguka kwa mvuto wa injini, na kutoka kwenye koki hiyo hutoka mipira miwili: mnene wa petroli na mwembamba wa mvuto. Ikibadilishana nafasi, petroli huweza kuingia ndani ya injini. Kabla ya kutoa mipira ya namna hiyo, kila mmoja ufungwe uzi wa rangi yake.

Katika Yamaha AG 100 na nyinginezo zenye tangi la pembeni la mafuta ya injini, upo mpira wa kupeleka mafuta hayo kwenye pampu. Mpira huo ukifunguliwa, hewa huingia, na pampu isipotolewa hewa injini huzunguka bila kulainishwa mpaka ikwame. Asiyejua kuitoa hewa hiyo na asiuguse.

11. DAFTARI LA CHAMA

Kazi isiyoandikwa husahauliwa, na katibu ajaye hataijua. Katika daftari la pikipiki pawe na ukurasa mmoja wa mipira, wenye safu tano: tarehe, kilomita, kilichokaguliwa au kubadilishwa, jina la aliyefanya, na sahihi ya katibu. Tarehe ya mpira mpya iandikwe pia kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa chini ya kiti. Mpira ubadilishwe kila baada ya miaka 4 bila kungoja uvuje, au mapema zaidi ukaguzi ukionyesha haja. Gharama yake iingizwe katika makisio ya mwaka pamoja na plagi na mafuta ya injini, ili katibu asilazimike kuomba ruhusa ya kamati kwa kitu cha thamani ndogo wakati petroli inadondoka.

Na kila jioni, iwe kuna mpira mpya au wa zamani, koki ifungwe.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA VIKUNDI

1. Pikipiki ya chama hupumzishwa wapi usiku? Ni moto gani ulio karibu na mahali hapo, na nani hulala jirani?

2. Mpira uliopo sasa ulifungwa lini? Ikiwa hakuna ajuaye, chama kitafanya nini juma hili?

3. Kijiko cha mililita 5 kimejaa kwa dakika 15. Koki huwa wazi saa 8 kwa siku. Ni lita ngapi zitapotea kwa siku 30? (Jibu: lita 4.8.)

4. Kilomita kwa lita zimeshuka kutoka 35 hadi 28. Kamati ifuate hatua zipi kabla ya kumwita mwendeshaji, na nani wawe mashahidi wa ukaguzi?